Misumari Sitini na Mstari Mwekundu

Manowari yangu ya tatu ilipozama, nilijua kuna mtu anatoa siri zangu nje. Ya kwanza unaweza kusema ni bahati mbaya. Ya pili utasema uzembe. Ya tatu mfululizo, kwa mtu mwenye diploma ya usanifu wa vyombo vya majini, hapo kuna mkono wa mtu.

Hazikuzama ziwani. Zilizama juu ya meza ya Mwalimu, kwenye veranda yake kule Manyamanyama, Bunda, katika ramani ya karatasi nne za manila zilizounganishwa kwa gundi. Ramani ile niliichora mimi: ziwa lisilokuwepo duniani, nchi mbili zisizokuwepo, visiwa kumi na kimoja, na mlango mmoja mwembamba wa maji katikati. Mchezo wenyewe pia niliuleta mimi. Nilikuwa nje miaka mingi, nachomelea mabamba ya meli mchana na kusoma jioni, na wakati wa chakula wenzangu wa karakana walikuwa wanabuni manowari za karatasi na kuzipiganisha. Mimi nikaurudisha mchezo nyumbani nikautengenezea sheria zangu. Sikubebwa na mtu kwenda, sikubebwa kurudi. Nililelewa Buhare katika boma la ng'ombe, na leo pale pale Buhare nina karakana ya boti yenye diploma yangu ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Wapo wengi Musoma wanaojiita mafundi wa vyombo. Waulize wamesomea wapi.

Sheria ni hizi. Kila mchezaji ana misumari sitini ya inchi tatu, haiongezeki. Msumari ni uzito. Misumari unayoipanga mbele, juu kabisa chini ya sitaha, ni mizinga. Unayoilaza katikati ubavuni ni deraya, yaani mabamba mazito ya chuma ya kuzuia risasi. Unayoishusha nyuma, chini kabisa, ni injini, ndiyo mbio. Vyote vitatu kwa pamoja hupati. Ukijaza mizinga, chombo kinapiga kutoka mbali lakini kikiguswa kinakufa. Ukijaza deraya, unapigwa mchana kutwa bila kufa, ila humkuti mtu. Ukijaza injini, unamkuta kila mtu na huna la kumfanya ukishamkuta. Nimeona watu wazima wakikaa kimya saa nzima wakihamisha misumari miwili kutoka ubavuni kwenda nyuma, kisha wakairudisha.

Mwalimu ndiye aliyeongeza sharti la vinyago. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, na hakubali kitu kwa maneno.

"Karatasi haizami," aliniambia siku ya kwanza. "Nileteeni kitu kinachoelea."

Basi kila manowari ikawa inachongwa kwa mti, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, yenye uwazi ndani na kifuniko juu. Siku tatu kabla ya vita unampelekea Mwalimu mchoro wa misumari yako ndani ya bahasha iliyofungwa, ili usije kubadilisha dakika za mwisho. Jumapili baada ya misa tunakutana. Chombo kinawekwa kwenye karai la maji, Mwalimu anahesabu hadi kumi. Kisipokunywa maji kimefaulu. Hapo kila mmoja anaandika amri yake ya kwanza kwenye kikaratasi: kukaa mbali, kumkaribia adui, au kumsubiri mlangoni. Mwalimu anazisoma, anafungua bahasha, vita inaanza.

Mpinzani wangu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe kutoka Butiama, mtu wa minada, darasa la saba. Alijifunza mchezo ule kwa kukaa na kutazama mara mbili tu, maana Mwalimu ni jirani wa dada yake. Manowari zake zilikuwa vipande vya mti visivyopakwa hata rangi. Zangu zilichongwa na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye pia ndiye mikono ya karakana yangu. Mimi nachora, yeye anashika tezo. Ninasema kwa haki: hakuna mtu pwani yote ya Musoma anayekata ubavu wa boti kama yeye. Nilichora vyombo vizuri nikiwa nje, lakini nilianza kuviona vikisimama baada ya yeye kuja.

Sasa tazama nilivyopigwa. Mara ya kwanza nilikuja na mizinga mingi na deraya nyembamba. Mnunuzi wa ng'ombe akaandika kwamba atapita nyuma ya visiwa mpaka anifikie karibu. Akanifikia, akanimaliza. Mara ya pili nikaja na deraya nzito. Akaandika kwamba hatapigana nami kabisa, atazunguka na kwenda kuipiga bandari yangu. Nilimfuata kama konokono. Mara ya tatu nikatia injini. Akaandika: nitamsubiri mlangoni. Akaziba ule mlango mwembamba, nikaenda mwenyewe na mbio zangu zote mpaka kwenye mizinga yake.

"Diploma," aliniambia akikusanya misumari yake, "hii ya leo ilikuwa inakimbia kweli. Ila ilikuwa inakimbilia kwangu."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Shemeji naye alicheka, na mimi nikamtazama alivyocheka.

Nilianza na Mwalimu kwa sababu bahasha zilikaa kwake. Wiki iliyofuata nilifunga bahasha kwa gundi, nikasaini juu ya mfuniko wake, na ndani nikanyunyiza unga wa muhogo kidogo. Kama mtu angeifungua, hata kwa mvuke wa birika, unga ungeganda. Jumapili niliomba nifungue mwenyewe. Unga ulikuwa mkavu kama nilivyouacha, ukamwagikia suruali yangu ya kanisani.

"Ni nini hiki?" Mwalimu aliuliza.

"Unga, Mwalimu."

"Naona ni unga. Unafanya nini kwenye bahasha yangu?"

Nikasema mke wangu alikuwa anakanda mezani. Hakuniamini. Siku hiyo pia nilipigwa, mara ya nne.

Akabaki mmoja. Nikaanza kuhesabu mambo niliyokuwa nayaacha yapite. Shemeji ndiye anayechonga, kwa hiyo anajua ukubwa wa uwazi. Shemeji ndiye anayebeba sanduku la manowari mapajani tukiwa kwenye pikipiki yangu kutoka Musoma hadi Bunda. Na Alhamisi moja simu yake iliita tukiwa karakana, akaangalia jina, akatoka nje kuongea. Nilisogea dirishani kama mtu anayetafuta penseli. Nilimsikia akisema, "Usimwambie lakini. Akijua itakuwa kazi." Kisha akacheka. Simu alikuwa ameiacha na skrini wazi juu ya benchi aliporudi kushika tezo. Nikaona jina la mnunuzi wa ng'ombe wa Butiama.

Nikamtegea. Nilimwambia, kama bahati tu, tukila dagaa mchana: "Shem, safari hii mizinga yote mbele. Nataka nimpige kutoka mbali mpaka akome."

"Sawa," akasema, akiondoa mfupa kwenye meno.

Kisha nikaenda nyumbani, nikafunga mlango wa chumba mchana kweupe, nikaihamisha karibu misumari yote nyuma. Injini tupu. Mchoro wa kweli nikautia kwenye bahasha. Kama mnunuzi angecheza dhidi ya mizinga, shemeji angekuwa amekamatwa mkono ukiwa kwenye chungu.

Jumapili ikafika. Niliiweka manowari majini, nikafanya kama ninavyofanyaga siku zote: nikaigonga kwa kidole upande mmoja ili watu waone inavyolala na kuinuka. Chombo kilichochorwa na mtu aliyesoma kina heshima yake majini. Ubavuni mwake, kama kwa zile nne za mwanzo, nilikuwa nimepaka mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka toka mbele hadi nyuma, kuonyesha maji yanapaswa kufika wapi. Meli zote za maana zina mstari huo. Mwalimu akahesabu hadi kumi. Tukaandika amri.

Mnunuzi aliandika: nitamsubiri mlangoni.

Amri ya kumzuia mwenye mbio, si mwenye mizinga. Mtu mwenye moyo mweupe angesema basi shemeji hana kosa, maana uongo niliompa haukufika Butiama. Mimi sikufikiri hivyo. Nilifikiri: amefungua kifuniko njiani. Sanduku lilikuwa kwake, upepo ukipiga, mimi naangalia barabara. Ameona misumari iko nyuma, amempigia.

"Shemeji," nikasema, "sanduku lilikuwa mapajani mwako toka Musoma."

"Ndiyo. Ulitaka niliweke kichwani?"

"Umekifungua kifuniko."

Akanitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Umesema?"

"Umekifungua. Na Alhamisi uliongea na huyu kwa simu. Usimwambie, akijua itakuwa kazi. Nilikusikia."

Mnunuzi wa ng'ombe alianza kucheka, kisha akaacha. Mwalimu aliweka kalamu chini.

Shemeji alisimama taratibu. Ni mtu mrefu, mpole, hajawahi kupaza sauti mbele yangu, na hata siku hiyo hakupaza.

"Miaka minne nakata mbao zako," alisema. "Sijakuulizaga hata siku moja msumari gani unakaa wapi. Kwangu hizi ni mbao. Nakuja Bunda kwa sababu unapenda nije." Akachukua kofia yake kwenye kiti. "Ile boti ya Rukuba imalizie na diploma."

Akaenda barabarani, akasimamisha bodaboda, akapanda bila kugeuka.

Boti aliyoisema ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa tangu nirudi: ya abiria, ya wavuvi wa kisiwa cha Rukuba. Ilikuwa imesimama karakana na mbavu zake wazi, bado haijavishwa mbao. Michoro yake ilikuwa yangu yote. Lakini mikono iliyokuwa inaisimamisha ilikuwa imeondoka na bodaboda.

Mnunuzi wa ng'ombe alinigeukia.

"Simu ilikuwa ya hori," alisema. "Nilimwomba anichongee hori la kunyweshea ndama. Nikamwambia usimwambie Diploma, atalichora mwezi mzima, na ndama watakuwa madume."

"Basi uliijuaje injini?"

"Si umenionyesha mwenyewe?"

Akalivuta karai katikati ya meza, akairudisha manowari yangu majini. Nitaeleza alivyosema, maana sijasikia mhadhara mzuri kuliko ule, na nimekaa kwenye mihadhara.

"Mimi nanunua ng'ombe bila mizani," alisema. "Muuzaji kamnywesha maji tangu asubuhi apendeze, kampaka mafuta, anakwambia huyu ni kilo hivi na hivi. Nikimsikiliza mdomo nimekwisha. Kwa hiyo nasimama pale kwenye tope wanapopita. Kwato za mbele zikizama sana, nyama iko mabegani. Za nyuma zikizama, iko kwenye mapaja. Halafu nasubiri ageuke. Mwenye maji tumboni anayumba polepole, kama mlevi anayejikaza. Mwenye nyama anageuka mara moja." Akaweka kidole kwenye manowari yangu. "Sasa ona wewe. Umenichorea mstari mwekundu. Nyuma maji yako juu ya mstari, mbele mstari uko juu ya maji. Uzito uko wapi? Mtoto anaona."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Nyuma, mstari wangu ulikuwa nusu ukucha chini ya maji.

"Halafu unaigonga. Nani kakutuma uigonge? Ile ya mizinga mingi, ulivyoigonga ililala, ikafikiri, ikafikiri tena, ndiyo ikainuka. Nikajua uzito uko juu. Ya deraya ilikaa sawasawa na mstari. Hizi za injini zinaruka kama ndama. Mimi yangu nikiiweka majini naishikaga mpaka itulie. Na sijaichora mstari."

"Nilidhani unajua," Mwalimu alisema kwa upole, na huo upole ulinichoma kuliko mzaha. "Nilidhani ni madaha ya makusudi, unamtega."

Chombo chenye uzito juu huyumba polepole, chenye uzito chini huyumba haraka. Nilifundishwa hilo mwaka wa kwanza. Nilipata alama nzuri. Wiki tano nilikuwa nafanya jaribio hilo kwa kidole changu mwenyewe mbele ya adui, kila Jumapili, huku nawatafuta wasaliti kwa unga wa muhogo.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anajua tayari.

"Kaka yangu umemwita mwizi mbele ya watu?"

"Sikusema mwizi."

"Ulisema nini?"

Nilivuta kiti. Akaniwekea chakula, akakaa jikoni.

Shemeji hakuja karakana Jumatatu, wala wiki ile. Nilijaribu kuvisha ubao mmoja kwenye mbavu za boti peke yangu. Nikapima mara tatu, nikakata, ukakataa kukaa. Nilimwita fundi mwingine wa pale mjini. Akazunguka boti mara moja, akagonga mbavu, akaniuliza nani kazisimamisha. Nilipomwambia, akasema haingilii kazi ya mtu yule mpaka asikie kwake kwamba ameiacha. Nilishuku wamepanga pamoja. Nikajizuia kusema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya kumi nikapanda boti ya wavuvi kwenda Rukuba, maana nilisikia yuko kambini huko akiziba nyufa za mitumbwi. Nilimkuta amepiga magoti ufukweni, anasukumia pamba kwenye ufa kwa patasi na nyundo. Harufu ya dagaa wanaokauka ilikuwa kila mahali. Aliniona, akaendelea kugonga.

"Shikamoo, shemeji," nikasema. Mimi ndiye mkubwa. Nilimwamkia hivyo hivyo.

Nyundo ikasimama. "Usiniamkie hivyo, watu watacheka."

"Wacheke."

"Umekuja kuuliza nini? Nimeuza nini tena?"

"Nimekuja kusema nilikosea. Hukufungua kifuniko. Aliiona kwenye maji, kwa mstari wangu."

"Nilijua ni mstari," alisema. "Toka ile ya kwanza."

"Ulijua? Na hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akachukua pamba nyingine. "Wewe ukichora, mtu akifungua mdomo unamwonyesha ukuta. Unamwonyesha ile fremu."

Hapo shaka ilinirudia yote kwa pamoja. Alijua, akanyamaza, akaniacha nipigwe mara tano. Kuna mtu anaweza kuliita hilo nini? Neno lilifika hadi kwenye meno. Nilitazama mikono yake ikisukuma pamba ndani ya ufa, inchi kwa inchi, nikafikiria mbavu zilizosimama Buhare bila ubao, na mke wangu aliyekuwa anakula jikoni. Nikalimeza.

"Unataka nifanye nini?" nikauliza.

"Ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu. Wale wale, veranda ile ile." Akagonga mara mbili. "Na manowari ya siku hiyo uichonge mwenyewe. Ushike tezo. Sitaki nione mkono wa fundi mwingine."

"Utakuja?"

"Nitakuja kuangalia."

Niliichonga siku sita. Sitaelezea. Nina kovu kwenye dole gumba la kushoto, na mtu akiniuliza nasema ni la kazi, na ni kweli.

Jumapili shemeji alifika Manyamanyama kabla yangu. Alikaa pembeni, kofia magotini. Niliongea nikiwa nimesimama, kabla ya chai. Nilisema nimemshuku mtu ambaye hakunikosea, na kwamba kila kitu adui yangu alichokijua nilimpa mimi. Nilisema pia kwamba manowari zangu zilizochorwa vizuri ziliheshimika kwa sababu yeye alizichonga, na kwamba leo wataona tofauti. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kisha nikaiweka majini. Ilikuwa mti mtupu, bila mstari. Sikuigonga. Haikuhitaji kugongwa: ililala upande wa kushoto papo hapo, ikakaa hivyo, sikio moja karibu liguse maji.

"Moja," Mwalimu akahesabu. "Mbili."

"Huyu anaumwa," mnunuzi wa ng'ombe akasema. "Huyu mimi simnunui. Mrudishe bomani."

"Tatu. Nne."

Maji yalianza kuchungulia kwenye ukingo. Hapo shemeji alinyanyuka. Alikuja mezani, akaitoa manowari majini kwa mikono miwili, akaifuta kwa shati lake, akafungua kifuniko mbele ya macho ya kila mtu.

"Shem, wanaona!" nikapiga kelele.

"Waone."

Mizinga yangu, deraya yangu, injini yangu, vyote vikawa wazi. Akaikagua kwa jicho moja, akatoa misumari miwili upande wa kushoto, akailaza kulia, akafunga. Akairudisha majini. Ikasimama.

"Tano," alisema Mwalimu.

Sheria inasema mchoro ukionekana vita inafutwa. Mnunuzi wa ng'ombe akasema yeye haogopi kupigana na mgonjwa aliyepona. Tukapigana. Alinipiga, lakini saa nzima ilipita kabla hajanizamisha, na mara moja alilazimika kukimbia nyuma ya kisiwa. Hiyo nataka iandikwe.

Jumatatu nilifika karakana mapema. Nikiwa bado barabarani nilisikia tezo. Shemeji alikuwa tayari ndani ya mbavu za boti, ameshatoa ule ubao nilioukata mimi na kuutupa kwenye kuni. Nikashika penseli yangu.

Kabla ya saa nne simu yake iliita. Akaangalia jina, akaweka tezo chini, akatoka nje kuongea.

Dirisha lilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Nilizihesabu. Nikabaki kwenye kiti, nikaendelea kuchora mstari wa maji wa boti ya Rukuba, mwekundu, mahali unapostahili kuwa.